Kushoto Juu ya Kulia

Luc alinipigia simu asubuhi ya Jumanne, tarehe 14 Januari 2014, nikiwa jikoni kwangu Jette, mtaa wa Bruxelles, na sufuria ya maharagwe ikiwa motoni. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia kabla ya kuinua simu, na kwa hiyo alizungumza taratibu, kwa Kifaransa kilichopangwa vizuri. Mama yake, Madame Haruko, alikuwa amefariki usiku uliopita, akiwa na miaka themanini na minane, katika nyumba ileile ya Berchem-Sainte-Agathe ambamo nilimhudumia kwa muda mrefu. Kabatini mlikuwa na vazi jeupe la Kijapani lililokunjwa ndani ya karatasi laini, na mama yake alikuwa ameagiza avikwe hilo, tena avikwe nami. "Alisema wewe unajua, Maman Furaha. Mimi nimelitazama tangu alfajiri, nikaogopa hata kuligusa." Nilizima moto chini ya maharagwe. Nilimwambia kwamba ninakuja, nikavaa koti langu, nikatoka bila kukumbuka kwamba nilikuwa sijatia kitu kinywani.

Ninajua mambo ya vazi hilo kwa sababu ya mwaka mmoja wa maisha yangu, mwaka 1997, na ndani ya mwaka huo, kwa sababu ya jioni moja katika mji wa milimani nchini Japani. Waliosoma tangu utotoni huacha siku zao zipite bila kuziandika, kwa kuwa wana hakika ya kuzikumbuka. Mimi nilishika kalamu nikiwa na miaka thelathini na tisa, katika darasa la jioni la Ixelles, na cheti changu nilikipata mwezi wa Juni 1995. Tangu hapo sijaandika jambo lolote bila kuliwekea tarehe. Wapo walionicheka kwa tabia hiyo, na sikuwahi kuwaomba radhi.

Mume wangu alifariki Alhamisi, tarehe 13 Machi 1997. Nyumbani kwetu Kivu kulikuwa na vita, kumrudisha Bukavu hakukuwezekana, tukamzika hapahapa, katika udongo wa Jette uliolowa mvua. Sitasimulia ugonjwa wake. Nitasimulia chumba chetu cha mbele, kwa sababu ndicho ninachokiona hadi leo: viti vyote vimetolewa, magodoro yametandikwa sakafuni ukutani kote, wanawake wa Bukavu wameketi juu yake na miguu wameinyoosha, nami nimewekwa katikati yao, mgongo ukiegemea ukuta ulio chini ya dirisha. Sombe ya majani ya muhogo ililetwa, fufu ililetwa, sambaza, dagaa wakavu wa ziwa letu, waliotoka katika maduka ya Ixelles waliletwa wakiwa wamefungwa kwa magazeti. Nilikula nilichopewa. Sikuonja chumvi wala pilipili. Kinywa changu kilitafuna kama mashine ya kufulia inavyozungusha nguo za watu wasiojulikana. Wanawake walilia kwa zamu na kwa ustadi, kila mmoja akimtaja marehemu kwa jina na kwa matendo yake mema, na kila mmoja alipomaliza alinitazama, akinipisha. Mimi sikulia. Haikuwa ushujaa. Nilitafuta kilio ndani yangu kama mtu anavyotafuta funguo katika mfuko anaojua ni mtupu.

Usiku wa kuamkia maziko niliwasikia jikoni, mlango ukiwa umesindikwa tu. Sauti ya kwanza ilikuwa ya Maman Zawadi, aliyekuwa mkubwa wetu sote kwa umri na kwa ulimi.

"Ule mama hayalia hata kidogo."

"Atalia, Maman Zawadi. Mutu analiaka siku yake."

"Siku gani? Banamuzika kesho!"

"Labda machozi yake inangoja papiers ya kukaa Bruxelles."

"Basi tutangoja sana," Maman Zawadi alisema. "Ya miye ilingoja miaka ine." Wakacheka kwa kuziba midomo, kisha mmoja wao akaanza kulia kweli, na kijiko kikaanguka ndani ya sinki. Niliyasikia yote hayo, nikafikiri tu kwamba kijiko hicho kilikuwa kizito kuliko vijiko vyangu, kwamba lazima kimetoka nyumba nyingine.

Baada ya maziko, mdogo wa marehemu, shemeji Célestin, alisimama katikati ya chumba kueleza masharti ya ujane. Alikuwa mtu wa haki, fundi wa umeme, mwenye sauti nzuri ya kwaya, na alimpenda kaka yake kuliko alivyoweza kusema. Nyeusi kutwa kucha kwa mwaka mzima, alisema. Kucheza ngoma, hapana. Safari, hapana. Nikioga, nioge mlango umefungwa, na niingie tena katika nyeusi kabla ya kuufungua. Mwaka ukitimia, familia ya mume ingekusanya watu, wanawake wangenivua nguo zile na kunivika kitenge kipya, na matanga yangekuwa yameisha. Kabla ya hapo, mjane ni wa marehemu bado. "Ukitosha nyeusi mbele ya siku, shemeji, ndugu yangu atakuja kukutwala. Haiko mimi nasema. Njo vile tulikuta." Kutosha, kwa Kiswahili cha kwetu, ni kutoa au kuvua. Nilikubali kwa kichwa. Sikuwa na sababu ya kukataa, wala ya kuogopa. Kutwaliwa na mume wangu hakukunitisha. Nilihisi kana kwamba jambo hilo lilikwisha kufanyika na wao hawakuambiwa.

Wakati huo nilikuwa tayari nafanya kazi kwa Madame Haruko. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, mjane wa mhandisi wa Kibelgiji, na nyonga yake ya kushoto haikuwa imepona vizuri baada ya kuvunjika. Luc, mwanawe wa pekee, alikuja Jumapili. Siku nyingine zote nilikuwapo mimi. Jikoni mwake mlinukia mchuzi wa samaki mkavu, na harufu hiyo ilifanana na ya kwetu kiasi cha kunichanganya nilipoinama juu ya jiko. Alizungumza Kifaransa kidogokidogo, akiweka kila neno mahali pake kama mtu anayepanga sahani. Niliporudi kazini baada ya maziko, nikiwa katika nyeusi toka kichwani hadi viatuni, hakunipa pole. Aliniangalia, akaenda kwa fimbo yake hadi jikoni, akarudi na bakuli la wali, akaliweka mbele yangu, akaketi upande wa pili wa meza mpaka nilipolimaliza. Alifanya hivyo kila siku ya kazi. Leo, nikiwa na umri unaokaribia ule aliokuwa nao, ndipo ninapoona ilivyo kazi ngumu kuketi mbele ya mtu anayekula bila kuonja, na kutomwambia neno.

Mwishoni mwa Septemba 1997 alipokea simu kutoka Japani: dada yake mkubwa, ndugu wa mwisho aliyekuwa amebaki, amefariki katika mji wao wa kuzaliwa, Nikko. Huko kwao roho ya marehemu huagwa siku ya arobaini na tisa, na Madame alitaka kuwapo. Luc hakuweza kuacha kazi yake. "Njoo nami," Madame aliniambia, akiwa anamenya tufaha kwa ganda moja refu lisilokatika. "Ni mji wa milima. Kuna mahekalu na maporomoko ya maji. Kuna baridi. Hutapenda." Nikasema sawa. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisema sawa, mimi niliyejua masharti. Watu wangu walidhani ni kiburi. Ukweli ni mdogo zaidi: kukataa kulihitaji nguvu, na nguvu sikuwa nayo, aliyeniambia nikae nilikaa, na aliyeniambia nije nilikuja.

Shemeji Célestin alikuja Jette siku ileile aliyoambiwa. Hakuvua koti.

"Shemeji, batu banasema unaenda Japon. Miye nikasema, ah non, mutakuwa munamusingizia."

"Ni kweli. Nampeleka Madame kumuaga dada yake."

"Weye mwenyewe uko katika kilio! Mujane haendake safari. Sasa utapanda ndege na nyeusi yako, kwenda wapi? Kwa batu benye hatujue hata banazikaka namna gani?"

"Nitavaa nyeusi kwenda na kurudi."

Alizungusha funguo za gari kidoleni, akatazama magodoro yaliyokuwa yameegemezwa ukutani tangu Machi, ambayo sikuwa nimeyarudisha kwa wenyewe. "Bon. Minasema mara moja tu. Kama unaenda, na kama kule unatosha ile nguo hata siku moja, siye hatutatosha matanga yako. Familia haitakuja. Utabakia vile." Aliposhika kitasa cha mlango aliongeza kwa sauti nyingine, ya chini, "Hata haukumulilia, Furaha."

Kwa asiyejua mila zetu, nieleze alichonitishia. Mjane ambaye matanga yake hayakuondolewa hubaki nje ya kila mlango wa furaha. Haalikwi kumpamba bibi harusi, hapewi mtoto mchanga kumbeba, na akiingia chumbani watu hushusha sauti. Familia ya mume peke yake ndiyo inayoweza kumtoa huko. Nilikuwa na miaka arobaini na miwili, nami nilikuwa mwanamke wa kutembea kichwa juu. Nilijua ninachokiweka rehani. Nilikijua kama mtu anavyojua jina la mto katika ramani.

Tuliondoka Jumatatu, tarehe 10 Novemba 1997. Nikko ilitupokea kwa mvua nyembamba na misonobari mirefu ajabu, iliyopandwa kando ya barabara na watu waliokufa karne nyingi zilizopita. Nyumba ya wageni ilikuwa ya mbao, kimya, yenye harufu ya moshi na chai. Chumba chetu hakikuwa na kitanda wala kiti: mikeka minene sakafuni, meza fupi, mito miwili ya kukalia. Nilisimama kizingitini na viatu vyangu mkononi. Kwa kitambo nilidhani wamekitayarisha chumba kwa ajili ya kilio, kwamba wanawake wangeingia sasa hivi na kuketi ukutani. Madame aliniuliza ninaangalia nini. Nikasema, "Kwetu, chumba kikiwa hivi, mtu amekufa." Akajibu, akijishusha kwa taabu juu ya mto, "Hapa, chumba kikiwa hivi, mtu amechoka."

Alhamisi tarehe 13, miezi minane kamili tangu mume wangu afariki, tulikwenda kwenye mahekalu. Tulipanda njia ya changarawe polepole, yeye na fimbo yake, mimi nimemshika kiwiko, hadi kwenye lango kubwa la mawe lisilo na milango, nguzo mbili na mihimili juu yake. Watu walipita chini yake na miavuli yao, wakainamisha vichwa, wakaendelea kupanda. Madame alisimama.

"Mimi ninaishia hapa," alisema.

"Mguu unauma, Madame?"

"Mguu huuma kila mahali. Ni dada yangu. Aliyefiwa hapiti chini ya lango hili mpaka siku zake zitimie. Miungu ya hapa haipendi harufu ya kifo." Alinisukuma kidogo kwa bega. "Wewe nenda. Kuna dhahabu, kuna sanamu za nyani, watu hutoka mbali kuziona. Wewe ni mgeni, hawakujui."

"Nami nimefiwa."

"Wewe ni Mkatoliki."

"Nguo yangu ni nyeusi, Madame."

Alinitazama kutoka kilemba hadi viatu, kama kwamba ni mara ya kwanza anakiona alichokiona kila siku. "Bon," akasema. "Basi tutabaki nje kama watoto waliochelewa shule." Tukaketi juu ya ukuta mfupi wa mawe, chini ya mwavuli mmoja. Akanunua kiazi kitamu kilichochomwa, akakivunja katikati, mvuke ukatoka. Nilikula nusu yangu. Nilifikiri kwamba shemeji Célestin na miungu ya mahali pale wangeelewana vizuri sana, na kwamba mimi, niliyevuka dunia nzima kinyume cha amri yake, nilikuwa nimefika mahali ambapo amri yake inajulikana na kila mpita njia. Wazo hilo lingeweza kunichekesha. Niliona kwamba linachekesha, nikaliacha lipite.

Alasiri tulipanda basi hadi kwenye maporomoko ya maji. Madame aliyakumbuka tangu utotoni, akanionyesha kwa mkono jinsi yanavyoanguka, mkono ukishuka kutoka juu ya kichwa chake hadi kwenye goti. Tulishuka kwa lifti ndani ya mwamba, tukapita njia yenye unyevu, tukatokea kwenye kibaraza cha kutazamia. Hakukuwa na kitu. Ukungu ulikuwa umejaa bonde lote, mweupe, mzito, toka miguuni petu hadi mbinguni, na ndani yake sauti ya maji ilikuwa kubwa kiasi kwamba reli ya chuma ilitetemeka chini ya mkono wangu. Mzee mmoja alielekeza kamera yake kwenye ule weupe, akapiga picha, akainama kidogo kama mtu anayeshukuru. Madame alianza kutikisika. Nilidhani analia, nikamshika, alikuwa anacheka.

"Tumetoka Bruxelles," alisema, akifuta macho, "kuja kuangalia bakuli la maziwa!"

Sikucheka. Niliendelea kushika reli na kuusikia mtetemo wake ukipanda hadi kwenye meno yangu. Kitu kikubwa kilikuwa kinaanguka mbele yangu bila kukoma, karibu sana, na sikukiona.

Tuliporudi katika nyumba ya wageni nilikuwa nimelowa hadi kwenye shati la ndani. Nguo zangu nyeusi za akiba nilikuwa nimezifua asubuhi, na katika hali ya hewa ile hazikukauka. Mhudumu, mwanamke wa makamo mwenye aproni, alininyooshea nguo mbili zilizokunjwa pamoja: vazi la pamba la samawati na nyeupe, ambalo huko huliita yukata, na mshipi wake, akanionyesha njia ya kwenda kwenye bafu la maji ya moto. Nilielewa kinachofanyika. Nilifunga mlango wa bafu. Nilivua nyeusi yote, nikaioshea hapohapo na kuikamua, nikaingia katika maji yaliyotoka mlimani na kunukia mawe, nikakaa humo mpaka ngozi ya vidole ikajikunja. Kisha nikavaa vazi lile. Hakuna aliyenifundisha namna ya kulivaa, na sikudhani kuna la kufundishwa. Nilijifunga kama nilivyojifunga kitenge tangu nilipoota matiti, upande wa kushoto ukilala mwilini kwanza, na upande wa kulia ukivutwa juu yake na kukazwa kiunoni. Nikarudi chumbani nikiwa na kifurushi cha nguo mbichi mkononi.

Mhudumu alikuwa amepiga magoti akipanga chakula. Aliponiona, mkono wake ulibaki hewani na bakuli ndani yake. Aliliweka bakuli chini kwa uangalifu, akainamisha uso, akasema maneno ya harakaharaka kwa Madame bila kunitazama tena. Madame aligeuka. Alishika ukingo wa meza, akainuka peke yake, jambo ambalo sikuwa nimemwona akilifanya tangu nyonga ilipovunjika, akaja hadi nilipo.

"Furaha," alisema. "Umevaa kama maiti."

Sikuelewa. Akanieleza, akigusa kifua changu kwa ncha ya kidole, upande mmoja na mwingine. Kwao, aliye hai huweka kushoto juu ya kulia. Kulia juu ya kushoto ni kwa yule tu anayelazwa kwenye jeneza, na mama huwafundisha wanawe jambo hilo kabla hawajajua kuhesabu. Alikuwa tayari ameshaufungua mshipi nilipomshika mkono.

"Acha, Madame," nilimwambia. "Acha hivyo hivyo. Ni sawa."

Nilikuwa ninasema kweli, tena bila huzuni. Nilikuwa nimevua nyeusi kabla ya siku yake, na papo hapo, bila kujua, kwa mikono yangu mwenyewe, nilikuwa nimejivika sanda. Shemeji Célestin alisema marehemu atakuja kunitwaa. Basi. Kwa mara ya kwanza tangu Machi, nguo niliyovaa ilisema jambo nililolijua. Niliona nafuu, kama mtu aliyeketi kwa muda mrefu katika kiti kisicho chake, kisha akaonyeshwa pa kukaa.

Madame alitazama chini, miguuni pangu.

"Una baridi," alisema.

"Sijui."

"Mimi sikuulizi. Vinyweleo vya miguu yako vimesimama. Nimemwosha mume wangu, nimemwosha mama yangu. Miguu ya maiti ni baridi, lakini haisisimki." Kisha akauondoa mkono wangu juu ya mshipi, akafungua vazi kwa mikono yake yote miwili, nami nikasimama wazi mbele ya wanawake wawili, mikono nimeitanua kama mtoto anayevalishwa kwa ajili ya komunyo. Akaulaza upande wa kulia mwilini mwangu. Akauvuta wa kushoto juu yake. Akafunga mshipi, akaukaza kwa nguvu ambayo sikujua anayo. "Bado," alisema, si kwa upole, akarudi mezani akichechemea. "Kaa. Kula."

Kulikuwa na samaki wa mtoni aliyechomwa kwa chumvi na kukunjwa kama anayeogelea, wali, mboga za siki, na bakuli jeusi la supu lenye vipande vya utando wa maziwa ya soya, ambao ni chakula cha mji ule. Niliinua supu kama nilivyoinua kila kitu mwaka ule, bila kuangalia, nikainywa. Ilikuwa ya moto mno. Iliniunguza ulimi na kaakaa, nikapiga kelele, kelele ya kweli, ya Bukavu, "Mamaa weee!" na mhudumu akaruka, na Madame akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye samaki wake, "Voilà." Machozi yalinitoka. Yalikuwa ya ulimi tu, sitayapamba. Lakini baada ya hapo niliuma samaki, na chumvi ilikuwa chumvi. Ilinichoma palipoungua. Nilimaliza samaki, nikamaliza wali, na Madame akanisogezea wake.

Kesho yake dada aliagwa, nasi Jumapili tarehe 16 tukarudi Bruxelles. Safari nzima ndegeni nilikuwa naugusa ulimi wangu kwa meno, kuhakikisha kwamba bado unauma.

Walinisubiri Jette. Shemeji Célestin aliketi, safari hii bila koti, na pembeni yake Maman Zawadi na wanawake wengine wawili wa Bukavu, wakiwa wamevaa kama watu wanaokwenda mahakamani. Nilikuwa nimevaa nyeusi. Ningeweza kukaa kimya. Hakuna aliyeniona huko ila mwanamke mzee wa Kijapani na mhudumu ambaye hatajua kamwe kuna mahali panaitwa Kivu.

"Shemeji," alisema, "minakuuliza mbele ya hawa bamama. Ulitosha nyeusi?"

"Ndiyo. Nililowa mvua, nikaoga, nikavaa nguo ya kule. Na nikaivaa kwa upande usiofaa, kumbe upande huo ni wa kuvika maiti."

Célestin aliweka mkono mdomoni. Maman Zawadi alijivuta mbele ya kiti, macho yamemtoka.

"Ulivaa nguo ya maiti?"

"Ndiyo, Maman."

"Na ukakufa?"

"Hapana. Nilikula."

"Ulikula nini?"

"Samaki, na wali wa watu wawili, na supu iliyoniunguza ulimi."

"Toa, nione."

Nikautoa ulimi, mimi mjane wa miaka arobaini na miwili, mwenye cheti, katikati ya chumba changu. Maman Zawadi alikishika kidevu changu na kukigeuzia kwenye taa. "Célestin!" alisema. "Kuja uone ulimi ya maiti, namna inaungua!" Wanawake walianza kucheka, kwanza kwa pua, kisha kwa kupigana mapajani, na mmoja wao akasema, "Hata marehemu, aliona ile sahani, akasema, huyu simutwale, atanimaliza chakula!" Célestin alijitahidi. Niliona shingo yake ikijitahidi. Mume wangu alikuwa na kicheko cha kuchelewa, kinachoanzia mabegani, na mdogo wake, nilikuwa nimesahau, alikuwa nacho kilekile. Kilipompata alifunika uso kwa mikono yote miwili, na ndani ya mikono hiyo kicheko kikawa kilio, na sisi tukamwacha alie, maana tangu Machi alikuwa na kazi ya kutangaza masharti na hakuwa amelia yeye pia. Alipomaliza alipenga kamasi. "Ndugu yangu alikuja kukutwala, akakukuta unakula," alisema. "Bon. Tutatosha matanga mwezi wa Mars, vile tulisema."

Waliyaondoa Jumamosi, tarehe 14 Machi 1998, katika ukumbi mmoja wa Ixelles. Wanawake walinivua nyeusi nyuma ya shuka lililoshikwa na watu wanne, wakaninyooshea kitenge cha njano. Nilijifunga mwenyewe, upande wa kushoto juu ya wa kulia. "Weye!" Maman Zawadi alisema. "Unakivaa kinyume?" Nikamwambia hivyo ndivyo nitakavyokivaa. Alinikazia ncha ya kitenge kiunoni. Nimekivaa hivyo hadi leo. Kila asubuhi mkono wa kushoto huvuta kabla sijaufikiria.

Na hilo ndilo lililonipata katika chumba cha Berchem-Sainte-Agathe, asubuhi ile ya Januari. Luc aliniinulia mama yake mabega, nami nikapitisha mikono ya vazi jeupe. Alikuwa mwepesi. Nikaulaza upande wa kulia mwilini mwake, nikauvuta wa kushoto juu yake, nikaunyoosha kifuani, nikafunga mshipi na kuukaza. Luc aliniuliza kwa sauti ya chini kama ndivyo. Nikatazama mikono yangu. Ilikuwa imemvika kama mtu anayetaka kutoka kwenda sokoni.

"Hapana," nilisema. "Subiri."

Niliinama upande wa chini wa kitanda, nikafunua miguu yake, nikaishika nyayo kwa viganja vyote viwili. Niliishika kwa muda ambao mwanawe lazima aliuona mrefu. Ilikuwa baridi, na ngozi yake ilikuwa laini kabisa, hakuna kinyweleo kilichosimama. Ndipo niliporudi juu, nikaufungua mshipi, nikafungua vazi, nikalaza kushoto, nikavuta kulia juu yake, nikafunga.

Tulitoka kwenye ujia. Luc alisimama mbele ya dirisha, na mgongo wake ulikuwa wa mama yake. Bila kugeuka aliniuliza kama nimekula chochote tangu asubuhi.

"Bado," nilimjibu. "Nina njaa."